Siku Nilipojikuta Katika Ukili wa Bi Mwanasha

Mkienda nyumbani kwa mtoto mwenye ghasia, vueni viatu mlangoni kama adabu inavyotaka, lakini viacheni vikitazama nje. Siku ya kutoka mbio hamtapata nafasi ya kuvigeuza. Mimi niliwahi kutoka nyumba moja ya Waa nikiwa na kiatu changu mguu wa kulia na ndara ya mwenye nyumba mguu wa kushoto. Nilifika hivyo barabarani, nikapanda gari hivyo, na nikasimama hivyo mbele ya mkubwa wangu kutoa ripoti. Aliniuliza habari za mgonjwa. Za viatu hakuniuliza, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo.

Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka zaidi ya thelathini, yote hapa hapa kusini, baina ya Waa na Msambweni. Sasa nimestaafu, nalima bamia na kugombana na kuku. Juzi alinijia binti mmoja aliyeanza kazi katika kliniki niliyoiacha. Aliamkia, akanywa chai, akazunguka zunguka, mwisho akasema, "Sista Halima, wakubwa nawaweza. Lakini mtoto wa miaka kumi anayempiga mamake kwa mwiko, huyo naanzia wapi?"

Nilimwambia nitamwandikia. Basi nimewaandikia nyote, kwa sababu najua wengine mna swali hilo hilo na mnaona haya kuuliza.

Mimi nilifundishwa na Bwana Katana. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mhudumu wa wodi, mtu mfupi mwenye sauti ya kubembeleza mbuzi aliyekataa kukamuliwa. Siku yangu ya kwanza alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Vua hereni, mama." Sikuvua. Nilikuwa kijana na hereni zilikuwa mpya. Ndewe ya sikio langu la kushoto ina mwanya hadi leo, na kila ninapojitazama kwenye kioo namsikia Bwana Katana.

Aliyonifundisha ni machache. Usisimame baina ya mtoto na mlango. Aliyezibiwa njia atapita juu yako. Kaa chini, maana mtu aliyeketi hatishi. Ukiingia uani, salimia kwa mdomo lakini macho yaende jikoni: mchi uko wapi, kisu kiko wapi, mbuzi ya kukunia nazi iko wapi. Ile mbuzi hasa. Kila nyumba ya pwani inayo, ina meno ya chuma, na hakuna anayeihesabu kuwa silaha mpaka siku irushwe. Na usimwambie mtoto "tulia." Bwana Katana alikuwa akiniuliza, "Umewahi kumwona mtu aliyetulia kwa kuambiwa tulia?" Nilifikiri sana. Sijamwona mpaka leo.

Zamani mambo yalikuwa mengine, na siwafichi. Tulikwenda wanaume wanne na mimi, na kamba, na gari lililo wazi nyuma. Nimewahi kushika miguu ya mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili huku mamake akilia mlangoni. Tulimfikisha hospitali, ndiyo. Lakini alikaa miaka mitatu bila kumruhusu mtu mwenye sare nyeupe amsogelee, na sijui ni dawa ngapi alizikosa kwa ajili ya safari ile moja. Leo ninyi mna simu, mama anarekodi ghasia kwa video na daktari anaiona akiwa mbali. Ni jambo zuri. Lakini video huonyesha moto ukiwaka. Haikuonyeshi aliyewasha kiberiti. Kwa hilo nitawapa kisa cha Mejumaa, na ndani yake mtanikuta nimefanya kosa ambalo sikulisoma katika kitabu chochote.

Mejumaa alikuwa na miaka kumi na mmoja, kwao Bongwe. Babake, Hamisi, alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mamake, Riziki, alipika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi. Nyumba hiyo hiyo alikaa mamake Hamisi, Bi Mwanasha, aliyesuka ukili kutwa kucha. Ule mkanda mrefu wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Na kulikuwa na mdogo wake Mejumaa, mtoto wa miaka miwili, ambaye wiki moja kabla sijafika alikuwa ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho. Mejumaa alikuwa amerusha mchi.

Daktari wetu alimpima, akaupa jina ugonjwa wake, akaanzisha dawa: nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Dawa ilianza kazi. Usingizi ulirudi, na zile sauti alizosema zinamwita zikapungua. Lakini ghasia ziliendelea, na Hamisi alikuwa amechoka.

"Sista, mimi si mtu mbaya," aliniambia tukiwa nje ya kliniki. "Nina watoto wawili. Mmoja nusura apoteze jicho. Kaka yangu yuko huko bara ya Kinango, ana jirani yake anayewaweka watu kama hawa. Idd hii anakuja kumchukua."

"Anawawekaje?"

Alitazama pembeni. "Wanafungwa. Kwa usalama wao."

"Wanafungwa kwa kitu gani?"

"Kwa mnyororo, sista. Unataka nikwambie nini?"

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Nilihesabu kichwani: siku chache za Shaaban, kisha mfungo mzima. "Nipe mpaka hiyo Idd," nilimwambia. "Asipokuwa na nafuu, mimi sitakuwa na neno." Nilisema kama mtu mwenye mpango. Sikuwa nao.

Nilianza na nililolijua. Nilimpa Riziki daftari, nikamwomba kila siku aandike kama kumekuwa na ghasia, saa ngapi, na nini kilitangulia. Aliitikia vizuri sana. Baada ya wiki mbili nilikwenda kulisoma. Mwandiko ulikuwa mzuri, mistari imenyooka. Jumatatu: salama. Jumanne: salama, alhamdulillahi. Jumatano: salama. Jumatano hiyo hiyo Mejumaa alikuwa amevunja kioo cha kabati, nami nilikuwa nimekaa mbele ya kabati lenyewe.

"Riziki, mama," nilimwuliza, "na hiki kioo je?"

"Kilivunjika," alisema.

"Mbona hukuandika?"

Alinitazama kama niliyemwomba avue nguo. "Sista, mtu akikuuliza hali, utamjibu nini? Na hili ni daftari la serikali."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Nikiwa na homa ya kunitetemesha, nikiulizwa u hali gani nitajibu njema. Ni nani huandika aibu ya mwanawe kwa wino? Kumbukeni hilo. Mkitoa fomu nyumba za kwetu, mtajaziwa adabu.

Aliyeniokoa ni Bi Mwanasha. Alikuwa kwenye kibao chake, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. "Hilo daftari ni la kusalimiana," alisema. "Ukitaka habari, njoo huku."

Alivuta ukili wake kutoka kikapuni. Kila siku ilipoanza alikuwa amefunga fundo la uzi kwenye ukingo. Siku ya ghasia alikuwa ameingiza chane moja nyekundu, ukindu uliochanwa na kutiwa rangi. Hakuna aliyemwagiza. Alisema alitaka kujua mwenyewe kama dawa ya hospitali ina kazi au ni chaki.

Tuliukunjua uani, baada ya alasiri, katika siku ya tisa ya Ramadhani. Mimi niliushika mwanzo, yeye akaushika mwisho. Nilitazama mara moja, nikatazama tena. Chane nyekundu hazikuwa zimetawanyika. Zilikwenda mbili mbili. Siku moja nyekundu, na kesho yake nyekundu, kisha kimya siku nne, tano. Halafu mbili tena.

"Bibi, kesho yake huwa kuna nini?"

"Kesho yake kuna nini? Hakuna kitu. Watu huja kutoa pole."

"Watu gani?"

"Watu! Majirani. Akina mama wa chama. Mwalimu wa chuo cha Kurani. Kukitokea jambo si watu huja?"

Nilimwomba anieleze, hatua kwa hatua, kama asemaye na mgeni. Akanieleza. Ghasia ikitokea leo, kesho yake mikeka hutandikwa. Watu kumi, wakati mwingine ishirini. Mejumaa huogeshwa, huvishwa buibui safi, hutolewa nje apitie kila mmoja: shikamoo, na kubusu mkono, shikamoo, na kubusu mkono. Akimaliza huketishwa kando yao, na mazungumzo huwa juu yake. Ndiye huyu? Masikini. Na alikuwa mtoto mzuri. Yule wa fulani alipona kwa kunyweshwa kombe la aya. Yule wa fulani hakupona. Katikati ya huruma hiyo ndipo kikombe kiliporuka.

Sasa sikilizeni sehemu ya aibu. Mimi nina ugonjwa wa kuandika tarehe. Nilitoa daftari langu la ziara, nikaanza kulinganisha na ukili wake fundo kwa fundo, nikiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Katika zile chane za pili, tatu ziliangukia siku nilizokwenda mimi. Kila nikipigiwa simu kwamba kumetokea ghasia, nilikwenda kesho yake. Nilikwenda na sare, na mhudumu wa kijiji, na wanafunzi wawili wenye makoti meupe wanaojifunza kazi. Na Mejumaa alitolewa akatuamkia wote wanne, kisha tukaketi tukazungumza juu yake.

Bi Mwanasha aliona uso wangu. Akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika.

"Kumbe nawe u mmoja wa watoa pole!"

"Bibi, usiseme."

"Nisiseme? Mwaka mzima nawalaumu majini!"

Tulicheka mpaka Riziki akatoka jikoni na unga mikononi kutazama. Lakini niliporudi nyumbani sikucheka. Nilikuwa nimetoa ahadi kwa baba mwenye mtoto aliyeshonwa jicho, na katika kutimiza ahadi hiyo nilikuwa nimemwongezea chane tatu nyekundu.

Kujua ni kitu kimoja. Hebu wewe nenda Bongwe uwaambie watu wasije kutoa pole. Utasemwa mpaka kaburini, na familia itasemwa pamoja nawe: wamejitenga, wana siri. Nilikesha na jambo hilo siku mbili, nikimwuliza huyu na yule. Mwisho nilimpelekea Bi Mwanasha mwenyewe.

"Watu wana lao la kutoa," alisema. "Huwezi kuwarudisha nalo. Wape pa kuliweka." Akalikunja goti lake, akalinyoosha, akaguna kidogo ili kujaribu sauti. "Goti hili limeniuma tangu mwaka juzi na hakuna aliyelipa heshima yake."

Kuanzia siku hiyo mgonjwa wa nyumba ile akawa Bi Mwanasha. Ghasia ilipotokea, yeye alijikongoja hadi baraza ya jirani, nyumba ya tatu, akafunga goti kitambaa, akapokea watu huko. Walikuja, wakatoa pole, wakaleta tende, wakauliza na mtoto je. "Mtoto amelala," alijibu, "lakini mimi, jamani, goti!" Na hapo kila mmoja alikuwa na dawa ya goti. Alipakwa mafuta ya aina nne. Aliniapia kwamba moja lilimsaidia.

Na mimi nilibadilika. Niliacha sare, niliacha wanafunzi. Niliingia kwa mlango wa uani kama shangazi aliyekuja kuazima chumvi, nikaketi chini mbali kidogo, sikumtaka Mejumaa aniamkie. Najua baadhi yenu mtashtuka, mtoto asiamkie mkubwa! Ataamkia. Wacha apone kwanza. Yeye alikuwa akizipanga chane za bibi yake kwa urefu, ndefu na ndefu, fupi na fupi, kwa utaratibu ambao sikuwahi kuuona hata kwenye kabati letu la dawa. Ziara mbili hakunitazama. Ya tatu alisema, bila kuinua kichwa, "Kesho usije."

"Nije lini?"

Alifikiri. "Jumatano."

Nilikwenda Jumatano. Ile ndiyo miadi ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kupangiwa na mgonjwa wa miaka kumi na mmoja, na sikuchelewa hata dakika moja.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida, na ninyi mtayafanya vizuri kuliko mimi. Dawa tuliipanga nusu kwa daku na nusu kwa futari, maana nyumba nzima ilikuwa macho saa hizo na hakuna aliyesahau. Mchi na mbuzi ya nazi vilihamia kwa jirani, na Riziki alikuna nazi huko huko. Mtoto mdogo hakuachwa naye peke yao hata dakika ya kuchota maji. Hilo halina mjadala, ndugu mgonjwa na ndugu mzima wote wanalindwa. Dalili ilipoanza, na yake ilikuwa kusugua kidole gumba juu ya goti, kila mtu alinyamaza na kumwachia njia ya kwenda nyuma ya nyumba. Sikuponyesha mtu. Mara moja alimrushia Riziki sufuria, na mara moja alinipata mimi begani kwa kifuu cha nazi. Lakini kumi la mwisho la Ramadhani ukili ulionyesha nyekundu mbili tu, kila moja peke yake.

Bi Mwanasha aliniambia alimkuta Hamisi alfajiri moja, baada ya sala, ameupakata ukili mapajani, anaupitisha vidoleni fundo baada ya fundo kama tasbihi. Akaurudisha kikapuni, akaenda kazini.

Mimi hakunieleza ameamua nini. Wala hakumpigia kaka yake amzuie. Nilimwuliza Riziki, akasema hajui. Idd ilikuwa Ijumaa. Alhamisi nilipika kwa ajili ya wageni wangu na sikumbuki niliweka nini kwenye sufuria. Walisema pilau ilikuwa na sukari.

Habari za Idd alinipa Bi Mwanasha kwa simu, na alizungumza kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika mbali. Hamisi alikuwa amekwenda kuswali, akarudi, akavua kanzu. Akamshika Mejumaa mkono na kumwambia, "Twende Tiwi tukatazame mihogo." Siku ya Idd! Mihogo! Riziki alimwuliza wageni je. Akajibu wageni watampata mama. Wakaondoka na chupa ya maji.

Saa nne kaka yake akafika kutoka bara, jasho linamtiririka, gunia begani. Alimkuta mamake barazani, goti limefungwa, watu wamemzunguka.

"Shikamoo mama. Pole. Goti tena?"

"Marahaba mwanangu. Goti. Kaa ule."

Alikula. Akapewa sahani ya pili. Akauliza, "Hamisi yuko wapi?"

"Amekwenda kutembea na mwanawe."

"Mama, tuliagana. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Nimesikia. Na hilo gunia lina nini?"

Mbele ya watu wote alilazimika kusema. "Mnyororo, mama."

"Uache hapo. Ng'ombe wa jirani ananimalizia migomba."

Sasa niambieni, mwanamume gani wa kwetu atabishana na mamake mgonjwa siku ya Idd, na pilau yake iko tumboni? Aliuacha. Alinuna, akanywa chai, akanuna tena, na alasiri akarudi kwao mikono mitupu. Mejumaa na babake walirudi kabla ya magharibi. Nilimwuliza Bi Mwanasha kama mtoto alikuwa na ghasia huko Tiwi. "Kidogo," alisema. "Alirusha muhogo." Akaongeza, "Lakini shamba ni kubwa."

Jumatatu yake nilifungua kliniki. Benchi lilikuwa limejaa kina mama kama kawaida, wamejifunika, watoto mapajani. Katikati yao, amebanwa kama kitabu katika rafu, alikuwa Hamisi, na kadi ya Mejumaa mkononi. Kwa miezi yote ile kadi hiyo aliileta mkewe au mamake. Yeye alikuwa akisubiri nje, ng'ambo ya barabara, kama mtu aliyepita tu.

Zamu yake ilipofika aliketi. Aliniuliza moja tu. "Dawa hii ni mpaka lini?"

Mngeweza kutamani niseme mpaka Idd ijayo. Msiseme hivyo kamwe, hata kama baba anakutazama kwa macho yale. "Huenda ni miaka, Hamisi," nilimwambia. "Huenda itapungua. Sijui."

Alitikisa kichwa polepole. Mikono yake ilikuwa myeupe na yenye mikunjo kutokana na maji na sabuni za hoteli, vidole vikubwa visivyozoea vitu vidogo.

"Mamangu macho yamepungua, na Riziki anaondoka alfajiri na mahamri," alisema. "Hebu nionyeshe namna ya kuigawa nusu."

Nilitandaza karatasi mezani, nikampa kisu kidogo na vidonge vitatu. Cha kwanza kilikuwa unga. Cha pili kilitoka vipande vitatu, kimoja kikaruka chini ya kabati, na kina mama benchini wakaanza kunyoosha shingo na kumpa ushauri. Alijipangusa vidole kwenye suruali, akashika pumzi, akakandamiza. Cha tatu kilikatika sawa sawa.